BIBI TITI MOHAMED: KUTOKA NGOMA YA BOMBA HADI KIZIMBANI, NA DENI TULILONALO KWAKE



Kila sifa njema ni ya Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu msomaji, posti ya leo ni ndefu. Kama uko kwenye daladala, ihifadhi uisome ukishafika nyumbani. Lakini nakuomba uisome mpaka mwisho, kwa sababu ukiisoma nusu utatoka na nusu ya haki, na nusu ya haki mara nyingi ni dhulma kamili.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na darasa Momela baada ya Alasiri. Wanaoijua njia wanaijua: unatoka USA River, unapanda kupitia Ngurdoto, unakatisha hifadhini twiga wanakutazama, unayapita maziwa ya Momela yenye heroe, kisha unatokea Ngarenanyuki kwenye mashamba ya nyanya. Waislamu wa upande ule si wengi, lakini wana kiu ya elimu, mashaAllah.

Kijana mmoja aliyewahi kuishi Dar es Salaam akanyoosha mkono. Akasema: "Sheikh, nilikuwa napita Barabara ya Bibi Titi Mohamed kila siku. Mjomba wangu ananiambia alikuwa mhaini. Mwalimu wangu wa shule alituambia ni shujaa. Nishike lipi?"

Nilinyamaza kidogo. Si kwamba swali lilikuwa gumu, bali lilinikumbusha kosa langu mwenyewe.

Miaka ya nyuma, nikiwa bado kijana kwenye mimbari, niliwahi kumtaja Bibi Titi katika mhadhara kama mfano wa mtu aliyeisaliti nchi yake. Watu waliitikia kwa vichwa, nikajiona nimesema. Nilipotoka nikamkuta bibi mmoja mzee amenisubiri mlangoni. Nikampa shikamoo. Akaitikia, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hayo uliyasoma wapi?" Nikamjibu kwamba nimeyasikia. Akasema: "Basi mimi nilimsikia yeye mwenyewe, kwa masikio yangu, nikiwa msichana. Ndiye aliyetuambia wanawake kwamba na sisi hii nchi ni yetu. Nenda kasome kwanza. Ukishasoma, rudi useme tena."

Wallahi niliona haya. Mtu mzima anayewasomea watu aya ya 6 ya Suratul Hujurat, ile inayotuamrisha tuichunguze habari kabla ya kuifanyia kazi, nimesimama mbele ya halaiki nimemvunjia heshima Muislamu mwenzangu kwa habari ya "nimesikia".

Nikaenda kusoma. Haya ndiyo niliyowaambia watu wa Momela, na leo nakuambia na wewe.

TUANZIE PALE PALE NGARENANYUKI

Huwezi kumuelewa Bibi Titi bila kuijua TANU, na huwezi kuijua TANU bila kuujua mchango wa ardhi ile ile tuliyokuwa tumekalia mkeka.

Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliwaondoa Wameru karibu 3,000 katika ardhi yao ya Ngarenanyuki ili iwape walowezi wa Kizungu wafugie ng'ombe. Nyumba zikachomwa moto. Watu wakahamishwa na mifugo yao, na mingi ikafa.

Wameru hawakushika silaha. Walichangishana fedha, wakamtafuta mwanasheria, Earle Seaton, na mwaka 1952 wakamtuma kijana wao Japhet Kirilo mpaka New York kuwasilisha kilio chao Umoja wa Mataifa. Hiyo ni miaka mitatu kabla ya Mwalimu Nyerere kusimama pale mwaka 1955. Hawakurudishiwa ardhi yao siku ile, lakini Tanganyika nzima ilijifunza jambo moja kubwa: mkoloni anaweza kushitakiwa.

Tarehe 7 Julai 1954, TANU ilipoundwa Dar es Salaam, Japhet Kirilo alikuwa miongoni mwa waasisi 17 waliokuwa ukumbini. Alikuwa pamoja na akina Abdulwahid Sykes, Ally Sykes, Dossa Aziz, Tewa Said Tewa, Saadani Abdu Kandoro, John Rupia na Mwalimu Nyerere. Tazama majina hayo. Waislamu na Wakristo, watu wa pwani na watu wa mlimani. Liweke akilini jambo hili, nitalirudia.

MWANAMKE WA NGOMA

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926 katika familia ya Kiislamu. Elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo, shule ya msingi tu. Aliozwa akiwa binti mdogo, kama mabinti wengi wa zama zile. Hakuwa na shahada, hakuwa mtoto wa chifu.

Alichokuwa nacho ni sauti na watu. Alikuwa mwimbaji mkuu wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Vijana wa leo mkisikia "ngoma" mnadhani ni starehe tu. Hapana. Vikundi vile vya wanawake wa mjini vilikuwa na viongozi, vilikuwa na michango, vilizikana, vilisaidiana kwenye harusi na matanga. Kwa maneno ya leo, ule ulikuwa ni mtandao uliokwisha kusukwa tayari, kutoka mtaa hadi mtaa.

Mzee mmoja wa mjini, Schneider Plantan, alikuwa miongoni mwa waliomfikishia habari za TANU. Mumewe Boi Selemani akachukua kadi namba 15, yeye akachukua namba 16. Zingatia: namba 16, wakati wanaume wengi wakubwa walikuwa bado wanachungulia dirishani.

Mwaka 1955 alikuja Dar es Salaam Muingereza mmoja wa chama cha Labour, John Hatch. Akawauliza viongozi wa TANU: wanawake wenu wako wapi? Swali likawashika. Jibu lake likawa Bibi Titi. Alikuwa na miaka 29 alipokabidhiwa kitengo cha wanawake.

Sasa tazama hekima yake. Hakuanza kwa kuandika makaratasi. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, mmoja baada ya mwingine. Ukimpata kiongozi wa kikundi umepata kikundi kizima. Kabla mwaka ule haujaisha, wanawake wenye kadi za TANU walihesabika kwa maelfu.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaijui. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Karani, mwalimu wa serikali, muuguzi, wote wakafungwa midomo kwa mshahara. Lakini muuza maandazi na mpika pombe, msusi na mama wa nyumbani, mkoloni angewafukuza kazi gani? Hawakuajiriwa naye. Wao ndio waliojaza viwanja, wao ndio waliotoa senti zao, na wapo waliouza hata vipuli vyao kwa ajili ya chama.

Akasafiri majimboni pamoja na viongozi wenzake. Akasimama mbele ya halaiki akiwa na kanga yake, akisema Kiswahili ambacho mkulima na mvuvi wanakielewa. Na ukumbuke, wapo waliomsema. Mwanamke gani huyu wa Kiislamu anayesimama mbele ya wanaume? Mimi nawaambia: Qur'ani imetusimulia habari za malkia wa Sabaa, mwanamke aliyewashauri watu wake kwa busara na akawaepusha na vita, na Allah hakuitaja busara ile kwa kuikejeli.

UHURU, CHEO NA MITIHANI

Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ikapandishwa. Mwaka 1962 ikaundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, na Bibi Titi akawa kiongozi wake wa kwanza. Akawa mbunge, akawa waziri mdogo. Binti aliyepata elimu ndogo sasa anakaa meza moja na waliosoma Makerere na Edinburgh.

Lakini dunia, ndugu yangu, Allah ametueleza katika Suratu Aal-Imran kwamba siku za ushindi na za kushindwa huzizungusha baina ya watu. Hazikai kwa mtu mmoja. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 Bibi Titi alipoteza kiti chake cha Rufiji.

Kisha likaja jambo ambalo jina lake ni la mji wetu huu.

AZIMIO LA ARUSHA

Mwishoni mwa Januari 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa Arusha. Tarehe 5 Februari Azimio likatangazwa. Mnara wa Azimio mnaupita kila siku mkienda kwenye shughuli zenu.

Watu wengi wanakumbuka kwamba benki na viwanda vilitaifishwa. Wachache wanakumbuka masharti ya uongozi. Kiongozi wa TANU au wa serikali asiwe na hisa katika kampuni. Asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Asipokee mishahara miwili. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Na masharti hayo yalimfunga kiongozi pamoja na mwenzi wake.

Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Hakukubaliana na sharti lile, akajiuzulu katika Kamati Kuu ya TANU. Uongozi wa UWT nao ukamtoka.

Hapa ndipo ninapowaomba tuwe na insafu, maana hapa watu hugawanyika.

Wapo wanaosema: tamaa ya mali imemponza. Wapo wanaosema: Azimio lilikuwa dhulma tupu. Ndugu yangu, usikimbilie upande.

Sharti la kiongozi kuchunguzwa mali yake si geni kwetu Waislamu. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A) aliorodhesha mali za magavana wake kabla ya kuwatuma, na walipozidisha bila maelezo aliwanyang'anya ziada na kuirudisha Baitul Mali. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba wazo la kumzuia kiongozi asigeuze cheo kuwa duka ni wazo la kikomunisti. Lina mashiko katika dini yetu.

Lakini tazama na upande wa pili. Mwanamke asiye na elimu ya kumpatia ajira, aliyempa TANU ujana wake wote, atazeekea wapi? Kwa mwanamke wa mjini wa zama zile, nyumba ya vyumba vya kupangisha ndiyo ilikuwa pensheni yake, ndiyo bima yake. Kuwa na nyumba ya halali si dhambi mbele ya Allah. Kwa hiyo alichagua, na alichagua waziwazi. Hakuzificha nyumba kwa jina la mpwa wake huku akiimba Azimio jukwaani, kama walivyofanya baadhi. Aliacha cheo.

Na sasa sikiliza hili. Februari 1991, miaka 24 baadaye, chama kilekile ambacho sasa kinaitwa CCM kilikaa Zanzibar na kuyalegeza masharti yaleyale. Kiongozi akaruhusiwa kupangisha nyumba. Jambo lililomtoa Bibi Titi kwenye uongozi mwaka 1967 likawa halina neno. Sisemi ili nimdhihaki mtu. Nasema ili ujue kwamba hukumu za siasa zina muda wake, zinabadilika. Hukumu ya Allah peke yake ndiyo haibadiliki kwa mkutano.

KIZIMBANI

Oktoba 1969 Bibi Titi alikamatwa. Pamoja naye walikamatwa aliyekuwa Waziri wa Kazi, Michael Kamaliza, na wengine wakiwemo maofisa wa jeshi. Mashitaka: uhaini, njama za kuipindua serikali. Aliyetajwa kuwa kinara wa njama ni Oscar Kambona, Katibu Mkuu wa kwanza wa TANU, ambaye tangu mwaka 1967 alikuwa ameshakimbilia London.

Kesi ilianza mwaka 1970 mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges, mtu wa visiwa vya Karibiani. Shahidi mkuu wa upande wa serikali alikuwa Potlako Leballo, kiongozi wa chama cha PAC cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Bibi Titi alikana mashitaka. Mwaka 1971 mahakama ikamtia hatiani, akahukumiwa kifungo cha maisha.

Miaka kumi tu baada ya uhuru aliouhubiri.

Ndugu msomaji, mimi sikuwa mahakamani, na wewe hukuwa. Sitakuambia kwamba alionewa, wala sitakuambia kwamba hukumu ile inayafuta yote aliyoyafanya. Nakuambia yaliyo wazi: alishitakiwa, alikana, alihukumiwa. Na mwaka 1972 Mwalimu Nyerere, yule yule aliyedaiwa kupangiwa mapinduzi, alimsamehe, akatoka gerezani.

Hapa nampa Mwalimu haki yake. Wapo watawala katika dunia hii ambao mtu akishitakiwa kwa uhaini hatoki hai. Mtume wetu (S.A.W) alipoingia Makka aliwaachia huru watu waliomfukuza, na Nabii Yusuf (A.S) aliwasamehe ndugu waliomtupa kisimani. Mtawala anayesamehe ameigusa sunna hiyo, awe wa dini yetu au asiwe.

Lakini msamaha wa rais haukuwa msamaha wa mtaa. Alipotoka, wengi waliokuwa wakimshangilia walikuwa wakipita upande wa pili wa barabara. Simu hazikupigwa. Jina lake likatoweka katika hotuba. Watoto wakasoma historia ya uhuru, na ukurasa wake haukuwemo. Kwa karibu miaka ishirini mama huyu aliishi kimya katika nchi ambayo sauti yake ilisaidia kuiamsha.

Mwaka 1991, nchi ilipoadhimisha miaka 30 ya uhuru, ndipo jina lake likaanza kutajwa tena hadharani miongoni mwa mashujaa. Tarehe 5 Novemba 2000 akafariki dunia hospitalini Johannesburg, Afrika Kusini. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Leo barabara kubwa katikati ya Dar es Salaam ina jina lake, na kijana anaipita kila siku na hajui ni la nani.

TUNACHUKUA NINI?

Kwanza, cheo ni amana, na huondoka. Leo unaitwa mheshimiwa, kesho simu yako haipokelewi. Fanya kazi kwa ajili ya yule asiyesahau.

Pili, chunga ulimi wako juu ya watu usiowajua. "Mhaini", "msaliti", "mwizi", "kibaraka" ni maneno mepesi kwenye simu, lakini yameandikwa. Mimi nilitamka moja kati ya hayo, na nilipomaliza kusoma nilirudi kwenye msikiti ule ule, mbele ya watu wale wale, nikasema nilikosea. Yule bibi hakuwepo siku ile. Namuomba Allah habari ziwe zilimfikia.

Tatu, na hili nililisema kwa mkazo pale Momela. Wapo ndugu zetu wanaoichukua historia ya Bibi Titi na ya wazee wetu wa Gerezani na Kariakoo na kuifanya fimbo ya kumpigia jirani Mkristo. "Sisi ndio tulioleta uhuru, nyinyi mmekuta meza imetandikwa." Ni kweli mchango wa wazee wa Kiislamu umeandikwa kidogo mno, na ni wajibu wetu kuuandika. Lakini ukiwa umekaa Ngarenanyuki, jirani yako Mmeru ambaye babu yake alichomewa nyumba mwaka 1951 naye ana sehemu yake. Kirilo alikuwa Mkristo na Bibi Titi alikuwa Muislamu, na kadi zao zilikuwa za chama kimoja. Suratun Nisaa aya ya 135 inatuamrisha kusimamia haki hata ikiwa dhidi ya nafsi zetu. Basi dai haki ya babu yako bila kumnyima jirani haki ya babu yake.

Nne, shukrani. Mtume (S.A.W) ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Allah. Katika kijiji chako yupo bibi aliyebeba kadi ya TANU, aliyetoa senti zake, aliyepikia wageni wa mkutano. Hajapewa barabara wala nishani. Wengi wao wameshatangulia mbele ya haki, waliobaki wanahesabika. Nenda ukakae naye. Washa simu yako, sio ya kupigia picha za chakula, rekodi sauti yake. Muulize alisikia nini, aliogopa nini, alitoa nini.

Yule kijana mwishoni aliniuliza tena: "Kwa hiyo, Sheikh, nimjibu nini mjomba?" Nikamwambia: mwambie alikuwa mwanamke wa Dar es Salaam aliyeitumikia nchi yake, akashitakiwa, akafungwa, akasamehewa, na hesabu yake iko kwa Allah. Kisha muulize mjomba kama anajua nani aliyemwamsha bibi yake kuipigania nchi hii.

Akacheka. Mzee mmoja wa Kimeru, jirani wa msikiti, si Muislamu, aliyekuwa amekaa nje kwenye benchi akisikiliza, akasema kwa sauti: "Na sisi mama zetu walikuwepo." Nikamkaribisha ndani tukanywa chai. Alitusimulia aliyoyasikia kwa wazee wake kuhusu mwaka 1951 mpaka adhana ya Magharibi.

Ewe Allah, msamehe Bibi Titi Mohamed, mrehemu, na ulipanue kaburi lake. Wasamehe wazee wetu wote waliotangulia. Na utujaalie tuwe watu wa kusema kweli, juu ya tunaowapenda na juu ya tusiowapenda. Amin.

Wallahu a'alam.

Kama una bibi au mama aliyekuwa na kadi ya TANU, andika hapa chini jina la kijiji chake na alichokusimulia. Sambaza posti hii kwa mtu mmoja anayepita Barabara ya Bibi Titi kila siku. Na tukikosea mahali, tusahihishe kwa adabu, kama alivyonisahihisha yule bibi.

Wabillahi tawfiq.